Jibu la kichwani ambalo hukuliomba

Tuseme dereva wa bodaboda ameanguka Uyole, Mbeya, usiku wa mvua. Kichwa kimegonga lami, amezirai kidogo, amefikishwa hospitali na kupigwa CT-Scan ili ijulikane kama damu imevujia ndani ya fuvu. Haijavuja. Ila picha inaonyesha vijidoa vitatu vyeupe kama punje za mchele, ambavyo havihusiani kabisa na ajali. Anarudi nyumbani na bahasha yenye ripoti ya Kiingereza. Mkewe anauliza: sasa una nini kichwani? Na swali la daktari ni hili: mgonjwa aambiwe hata kile kilichoonekana kwa bahati tu, kisichohusiana na kilichomleta?

Mambo ya namna hii si nadra. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya MRI, yaani picha za ubongo zinazopigwa kwa sumaku, za watu 2,000 wa makamo na wazee. Asilimia 7.2 walikuwa na alama za kiharusi kilichopita bila wao kujua, asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliofura kama kiputo, na asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio wa saratani.

Wanaosema mgonjwa aambiwe kila kitu wana hoja nzito. Kiharusi cha kimyakimya mara nyingi ni salamu za presha. Mzee wa Iringa ambaye hajawahi kufungwa kile kitambaa cha mkononi cha kupimia presha akiambiwa leo, anaanza dawa kabla hajaamka siku moja mdomo umepinda. Tena kichwa ni chake, si cha daktari.

Wanaosita nao hawatetei ujinga. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watu wasiowahi kuvuja damu kichwani, viputo vya mishipa ya mbele ya ubongo vyenye kipenyo chini ya milimita 7 havikupasuka katika miaka mitano ya kufuatiliwa. Vilivyofika milimita 25 na zaidi, hatari ya kupasuka ilikuwa asilimia 40. Ugonjwa mmoja kwa jina, mambo mawili tofauti kabisa. Mwenye kiputo cha milimita 4 akiambiwa tu kwamba mshipa wake unaweza kupasuka, atauza shamba la viazi apande basi zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, akaambiwe huko kwamba upasuaji una hatari kuliko kiputo chenyewe. Tunapenda kusema usilolijua ni usiku wa giza. Unalolijua nusu nalo hukosesha usingizi.

Lakini mjadala huu, kama unavyoendeshwa Ulaya, unaruka jambo ambalo Nyanda za Juu Kusini hatuwezi kuliruka. Vile vijidoa vya yule dereva vinaweza kuwa vifuko vya tegu wa nguruwe, yaani watoto wa mnyoo huyo waliojifungia ubongoni, vilivyokufa zamani na kugeuka chokaa. Utafiti uliofanyika Mbozi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta dalili za vifuko hai vya tegu mwilini kwa takribani mtu 1 kati ya 6 waliopimwa damu. Wengi wao huenda hawatajua kamwe.

Hapa watu huchanganya mambo, hata waliosoma. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kisichoiva hukupa mnyoo wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu na kuingia mdomoni kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe, pamoja na Mwislamu wa swala tano, anaweza kuwa navyo. Daktari asipolisema hilo waziwazi, bahasha hiyo inaweza kuvunja heshima ya mtu nyumbani kwake bure.

Mimi naegemea upande wa kumwambia, na sababu yangu kubwa ni kifafa. Kifuko kilichokufa bado kinaweza kuleta degedege miaka mingi baadaye. Aliyekwisha kuambiwa atakimbilia dawa za kifafa. Asiyeambiwa atapelekwa kwa mganga, na majirani watakaa mbali wakiogopa povu, ambalo haliambukizi mtu.

Ila aambiwe na mtu, ana kwa ana, kwa Kiswahili, na jambo la kwanza liwe kumkataza kujinunulia albendazole, dawa ya minyoo, dukani. Vifuko vilivyokwisha kuwa chokaa haviihitaji. Kama kuna vingine vilivyo hai, kuviua bila uangalizi kunaweza kuufanya ubongo uvimbe kuvizunguka, na degedege ambayo hakuwa nayo ikaanza siku hiyo.

Jambo la pili halimhusu yeye peke yake. Mayai yale yalitoka kwa mtu, na mtu huyo anaweza kuwa anakula naye sahani moja. Ripoti inaishia kwenye fuvu la dereva, wakati iliyopaswa kufuata ni karatasi ya kupima choo kikubwa kwa watu wote wa nyumba ile, na mtu wa kwenda kuangalia kama nguruwe wao wamefungiwa bandani au wanajizungukia nyuma ya choo.