Heri foleni ya Busia

Nikiwaambia watu nilienda Korea Kusini wananiuliza chakula, halafu zile drama za kwa TV, na mimi kitu nataka kuongelea ni stesheni ya treni. Inaitwa Dorasan, iko pua na mdomo na mpaka wao na Korea Kaskazini, na manze ni safi, vioo kila mahali, sakafu inang'aa, kuna hadi bango la treni ya kwenda Pyongyang. Lingine linasema Seoul kilomita 56, Pyongyang 205, yaani ukitoka Nairobi ni kupita Nakuru kidogo tu. Shida ni kwamba hiyo treni haiko. Za mizigo zilipita hapo kati ya 2007 na 2008, mahusiano yakaharibika, basi.

Kufika huko unapanda basi Seoul, kwa daraja mwanajeshi anaingia anaangalia paspoti ya kila mtu, yangu akaishika kidogo, nadhani Wakenya hawapiti sana. Halafu mnashushwa kwa handaki lililogunduliwa 1978, mita 73 chini ya ardhi, unavaa helmeti na bado unatembea umeinama. Kusini wanasema Kaskazini walilichimba wapitishie majeshi, Kaskazini wakakana, ati walikuwa wanatafuta makaa ya mawe. Sasa angalia ukuta: jiwe ni graniti, limepakwa tu weusi juu. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Vita yenyewe ya Kusini na Kaskazini ilisimamishwa 27 Julai 1953 na mkataba wa amani mpaka leo hakuna, kumebaki tu kipande cha upana wa kilomita 4 kimejaa mabomu ya ardhini. Na huo mgawanyo ulianza 1945, maofisa wawili wa Marekani walikaa na ramani usiku, kama nusu saa hivi, wakachagua latitudo ya 38. Hiyo stori si tunaijua? Wakoloni wetu nao walichora mstari wa Kenya na Tanzania kutoka Ziwa Victoria, ukafika Kilimanjaro ukapinda, Wamaasai wakabaki huku na kule.

Tofauti ni kwamba Mmaasai bado anavuka kuona shangazi yake. Mtu wa Busia analala Uganda na anauza omena Kenya, na mimi na wewe tunaingia Uganda ama Rwanda na kitambulisho tu. Wakorea waliotenganishwa na vita walikutanishwa mara ya mwisho 2018, na kupata nafasi ilikuwa bahati nasibu, mzee wa miaka tisini anaona mtoto wake siku chache halafu kila mtu anarudi kwake.

Sisemi kwetu mambo ni poa, 2024 vijana walipigwa risasi kwa maandamano na wengine wakatekwa, hiyo hatujasahau. Lakini hii ya kuvuka mpaka ukiwa umeboeka, ukilalamikia jua na karani mwenye madharau, ni uhuru pia na hatuuhesabu.

Na unaweza kupotea haraka. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna 2019 sababu wakubwa walikosana na Uganda, ukakuja kufunguliwa 2022, na hao wote ni Jumuiya moja na sisi. Kwa hivyo mwanasiasa wa hapa akianza kutishia majirani ndio apigiwe makofi kwa rally, mimi makofi yangu hapati.