Mengineyo 54,000

Jamani hii salary slip ya mwezi huu imenimaliza. PAYE sina neno nayo, NSSF sina neno nayo, hao ni kama mashemeji, wanakuja mwisho wa mwezi wanakula wanaondoka. Ila chini kabisa nakuta kamstari kamejibanza, "mengineyo 54,000". Mengineyo ya nani??

Naenda kwa mhasibu, hata kichwa hainui, ananiambia eti kodi ya jengo ile nyumba yako ya Mbagala, hujalipa miaka mitatu, amri imetoka juu. Kodi ya jengo ipi tena bwana mkubwa wakati kila mwezi mita ya LUKU inanikata 1,500 ya hiyo hiyo kodi, unanunua umeme wa buku tano unaletewa uniti za kuwasha taa ya choo tu! Nikamfungulia meseji za tokeni namshushia moja moja, kodi hii hapa, hii hapa, hii ya mwezi wa Ramadhani hii hapa. Eti yeye hahusiki na mambo ya tokeni.

Sasa mimi na sheria tunasalimiana kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, mwajiri hagusi mshahara wako mpaka iwe kuna sheria inayoruhusu, au mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri), au amri ya mahakama, au tuzo ya mwamuzi wa migogoro, au deni umelikubali mwenyewe kwa maandishi. Na sikatai, kamishna wa kodi anaweza kumwagiza mtu anayeshika hela yako azipeleke kwake, lakini ANAANDIKA, hatumi upepo. Nikasema basi naomba niione hiyo barua. Mhasibu kafungua droo, kafunga droo, iko kwa HR. HR naye iko kwa mhasibu.

Nikawaambia poa, mimi naenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kujaza fomu leo leo maana siku 60 tangu mgogoro uanze zikipita naanza tena kubembeleza kuongezewa muda. Hapo ndo HR akakumbuka kuwa wageni huwa wanapewa kiti.

Bora hata enzi za kodi ya kichwa kabla haijafutwa 2003, mgambo anakuvizia njiani lakini walau una miguu, unaruka uzio. Hii ya kwenye slip unaruka nini?

Na nyumbani ndo balaa, mama Juma kaigeuza slip mbele nyuma, anasema hiyo kodi ya jengo lazima inavaa wigi na imepangishiwa chumba Temeke.