Ghorofa moja bila pa kukaa haisaidii

Kuna makala inayosema chuo kikiwapanga wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kozi moja kwenye ghorofa moja ya hosteli, wataanza kusoma pamoja wenyewe. Hapo nakataa. Nimeishi miaka miwili hosteli ya kukodi pale Ngara, Nairobi, vitanda vinne chumbani, watatu wetu tukisomea uhandisi, na muhula mzima hatukuwahi kufungua daftari pamoja. Tungekaa wapi? Meza ilikuwa moja, nayo imebeba koili ya kupikia, sufuria na ndoo ya maji. Mambo yaligeuka siku mwenye nyumba alipotoa magodoro mabovu kwenye stoo ya chini, akaweka mabenchi mawili na taa. Haikupita wiki mbili, tulikuwa tunaandika hesabu kwa chaki ukutani hadi saa saba usiku, na wale wa mwaka wa tatu wakienda bafuni wanasimama mlangoni kutusahihisha. Jambo la pili ni walimu. Mwanafalsafa Alexander Meiklejohn alipofungua Chuo cha Majaribio (Experimental College) katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1927, walimu walikuwa na ofisi ndani ya bweni lenyewe. Kilifungwa 1932, lakini hapo mwanafunzi alimpata mwalimu wake kwa kushuka ngazi tu. Hapa Nairobi mhadhiri wa mkataba akimaliza kipindi anakimbilia matatu akafundishe chuo kingine, na simlaumu. Nyinyi mlio hosteli za chuo sasa hivi, kuna mhadhiri amewahi kuja jioni kukaa nanyi?