Tangulia, Nakuja

Treni ya jioni kutoka Antwerp kuja Ghent, huku Ubelgiji, naijua kama njia ya kwenda chooni kwetu usiku. Huu mwaka wa nane naipanda nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee, na najua behewa lipi lina joto na mlango upi unagoma kufunguka. Basi niliposikia kwamba Lukas Dhont, mwongozaji filamu wa hapa hapa Ghent, alimpata mvulana wa filamu yake ya Close ndani ya treni ya njia hii, nikajiona kama nami nina hisa humo. Alimwona Eden Dambrine, aliyekuja kucheza kama Léo, akipiga soga na wenzake, akamwambia aje kwenye usaili. Mimi ningekuwa behewa hilo siku hiyo, ningekuwa nimelala mdomo wazi.

Niliitazama mara ya kwanza ilipotoka mwaka 2022, pale sinema ya Sphinx, nikiwa peke yangu. Mara ya pili ilikuwa nyumbani na binti yangu, Machi 2025, wiki aliyofariki Émilie Dequenne, aliyecheza kama mama wa Rémi, mmoja wa wavulana wawili wa filamu hii. Alikuwa na miaka 43 tu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nilimkasirikia nani.

Kwa ambao hawajaiona: Léo na Rémi wana miaka 13. Ni marafiki wa kufa na kuzikana, wanakimbizana kwenye mashamba ya maua ya kina Léo, wanalala kitanda kimoja, mmoja anamtungia mwenzake hadithi apate usingizi. Rémi anapuliza oboe, ambayo mtu wa pwani akiisikia atasema hii si nzumari hii, imesomeshwa tu. Shule inafunguliwa. Msichana mmoja darasani anawauliza, bila hata ubaya, kama wao ni wapenzi. Hapo ndipo Léo anaanza kuchomoka kidogo kidogo. Anahamia kulala chini, anajiunga na mpira wa magongo wa kwenye barafu, na asubuhi moja anapanda baiskeli yake bila kumsubiri mwenzake. Wanapigana uwanjani mbele ya watu. Kisha kuna safari ya shule ambayo Rémi haonekani, na watoto wanaporudi wanakuta wazazi wanawangoja. Mama yake Léo ndiye anayemwambia. Rémi amejitoa uhai.

Kuanzia hapo, filamu yote inayobaki ni mtoto mmoja aliyemeza neno.

Nianze na nilichokipenda. Ile nusu ya kwanza ni utoto wangu mtupu, ukitoa baridi na maua. Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, miaka ya tisini, wanaume wazima walikuwa wakitembea wameshikana mikono kutoka msikitini hadi kijiweni, na sisi watoto tulifuata mtindo. Nilipofika Ubelgiji nilimshika mkono Mtanzania mwenzangu tukiwa Korenmarkt, katikati ya mji wa Ghent, tukizungumza habari za Coastal Union, timu ya mpira ya Tanga, akauchomoa kama ameshika pasi. "Kaka, huku hawafanyi hivyo." Nilicheka, lakini mkono wangu sikujua niuweke wapi. Ndiyo maana swali la yule msichana lilinichoma. Dhont amesema wazo la filamu lilimjia pia kutokana na utafiti wa Niobe Way, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyewasikiliza wavulana kwa miaka mingi na kuona jinsi wanavyozungumza juu ya rafiki zao kwa mapenzi wakiwa na miaka 13, kisha wakafunga mdomo wakikaribia utu uzima.

Ningependa kusema kwetu hayo hayapo. Lakini nilikwenda likizo mwaka 2023 nikamwona mpwa wangu akitoa mkono wake haraka kwenye mkono wa rafiki yake kwa sababu kuna mtu aliyenyanyua simu. Kwa hiyo ninyamaze.

Sasa hasira. Rémi amekufa, na nilikuwa nangoja watu. Nilikuwa nangoja turubai. Wako wapi baba wadogo? Wako wapi majirani wa kuleta maji na kuni, wale shangazi wanaofika na mabegi na kukaa mpaka arobaini? Katika filamu kuna kanisa, kuna nguo nyeusi, halafu kila mtu anarudi nyumbani kwake. Nimeishi Flanders, upande huu wa Ubelgiji wanaozungumza Kiholanzi, vya kutosha kujua kwamba Dhont hakutia chumvi. Mzee akifa kazini kwetu, familia inapeleka kadi kwa posta, ibada inafanyika kwa dakika zilizopangwa, kisha panaandaliwa meza ya kahawa na mikate yenye jibini, watu wanakula taratibu, wanapeana mikono, wanaondoka. Mara ya kwanza nilikaa pale nikingoja wengine waje. Hakuna waliokuwa wanakuja. Tulikuwa ndio sisi.

Kuna mlo mmoja katika filamu, wazazi wa Rémi wamekaribishwa kwa kina Léo. Kaka mkubwa wa Léo anaulizwa mipango yake ya mbeleni, anajibu kawaida tu, na baba wa Rémi anaangua kilio mezani, uma uko mkononi. Hakuna anayejua afanye nini. Binti yangu alisema ni tukio zuri kuliko yote. Mimi nilitaka kuingia kwenye skrini nimshike yule baba nimtoe nje tukakae barazani.

Na Léo? Léo anafanya kazi. Anavuna maua, anapanga, anabeba, anakwenda kuanguka kwenye barafu mpaka anavunjika mkono. Shuleni wanawakalisha watoto kwenye duara na kuwaambia waseme wanachohisi. Mwenzake mmoja anasema Rémi alikuwa mtu wa furaha, naye Léo anamgeuzia: umejuaje? Baada ya hapo hakuna anayemfuata kumuuliza na yeye anajua nini. Hapo ndipo nilipoisema filamu kwa sauti, binti yangu akanitolea macho. "Baba, si ndio maana yake hiyo? Kwamba hawamwoni?" Ana miaka 15, ananisahihisha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Ghent. Shuleni kwao mwaka mmoja alifariki mwanafunzi, na ndani ya siku moja walifunguliwa chumba cha kukaa, akaja mtu wa huduma ya wanafunzi, kila mtoto akapewa na namba 1813 ambayo Flanders wameiweka kwa mtu anayewaza kujiua. Mtu anapokea, usiku au mchana. Mwanangu alikwenda kwenye kile chumba mara tatu, nami sikujua hadi mwezi ulipokwisha.

Nikajaribu kuipeleka familia ya Rémi Tanga. Jambo la kwanza ambalo lingefanyika ni kuficha. Ingesemwa mtoto aliugua ghafla. Kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji. Wakenya angalau Mahakama Kuu yao ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa ni kinyume cha katiba Januari 2025. Sheria, dini, aibu ya ukoo, vyote vingekaa juu ya lile neno lisitoke. Watu mia tatu wangekuja, na katika watu mia tatu asingepatikana hata mmoja wa kumwita Léo pembeni amuulize, "Mlikuwa mmegombana?"

Najua kwa sababu na mimi nilikuwa na miaka 13, mwaka 1994, na hakuna aliyeniuliza.

Hadithi yangu si kama ya Rémi. Yangu ni bahari. Nilikuwa na rafiki, jina lake nitabaki nalo. Mwaka ule nilipata timu ya chandimu, wavulana wakubwa kidogo, nikaanza kumwona rafiki yangu mtoto. Yeye alikuwa mtu wa kuogelea na kukusanya kome, hajui mpira. Jumamosi moja akanipitia twende Raskazone, ufukweni Tanga. Sikutaka kuonekana naye, wala sikutaka kumwambia hivyo. Nikamwambia, "Tangulia, nakuja." Nikaenda mpirani. Tulishinda mbili bila.

Walimtoa majini saa kumi na moja.

Anayejua Kiswahili ameshaelewa kwa nini maneno yale mawili hayajanitoka. Msibani siku tatu nzima sikusikia kitu kingine. Ametangulia. Sisi sote tuko njiani, yeye katangulia tu. Shehe alisema hivyo, baba yangu alisema hivyo, kila mzee aliyeinama kwenye jamvi kuinywa kahawa alisema hivyo, na kila mara niliona kama wananisema. Nilipewa kazi: kuchota maji, kupeleka vikombe, kubeba viti. Nilifanya kazi kama punda. Mama zetu walinisifu, "Angalia anavyompenda mwenzake." Nilipomwona Léo akibeba maua kwenye filamu, mgongo wangu ulimtambua kabla ya mimi.

Mpaka hapo bado ningeweza kuandika kama wengi tunavyoandika tukiwa ughaibuni: kwetu tuna watu, huku wana chumba chenye mishumaa. Nimeandika hivyo mara nyingi, nikasifiwa na watu wa Dubai na Minnesota. Lakini watu wale wa msibani hawakuja na kuni na maji peke yake.

Rafiki yangu alilelewa na mama wa kambo. Mwanamke mpole, mtu wa bara, anakaanga vitumbua asubuhi mbele ya nyumba. Asubuhi ile alikuwa amemgombeza mtoto juu ya ndoo iliyopotea, na jirani alisikia. Siku ya hitma tayari lilikuwa linazunguka. Bibi mmoja alisema yule mtoto hakufa maji, kachukuliwa, na mwenye kuchukua hakutoka mbali. Hakumtaja. Hakuhitaji. Wiki ile vitumbua vililala kwenye kawa mpaka vikapoa. Wiki iliyofuata watoto wakakatazwa kupita ule upande. Mume wake hakusema neno la kumtetea, na sijui hadi leo kama aliamini au aliwaogopa dada zake.

Mimi nilijua nani alimwambia mtoto atangulie. Ningesema, ningepigwa, ningelia, na pengine mtaa ungepumua. Sikusema. Na nitasema kitu ambacho sijawahi kukiandika popote: nilipoona lawama imempata mtu, nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Kwa hiyo ninapotazama Léo akizunguka miezi na miezi na siri yake, hakuna mtu mzima anayenyoosha kidole kwake wala kwa mwingine, sehemu ya hasira yangu ni wivu. Huku hawatafuti mchawi. Katika filamu nzima hakuna anayeuliza kosa la nani, si la mama, si la shule, si la yule msichana wa swali. Lawama haina pa kukaa, basi inakaa kwa mtoto. Kwetu inapata pa kukaa upesi mno.

Halafu kuna tukio la gari. Léo anamfuata Sophie, mama wa Rémi, kazini kwake hospitalini. Anamrudisha kwa gari, na njiani mtoto anatapika neno: ni kosa langu, nilimsukuma mbali. Sophie anasimamisha gari. Anamwambia ashuke. Dequenne hatupi machozi pale. Anatupa uso wa mtu ambaye hajui mikono yake itafanya nini. Mtoto anakimbilia msituni. Kisha mama anashtuka, anamfuata, anamkuta ameshika fimbo, mtoto wa miaka 13 anayejiandaa kupigwa. Anamkumbatia.

Wahakiki wengine waliona filamu hii inawakamua watazamaji machozi kwa makusudi, na nusu ya kwanza ya hasira yangu inakubaliana nao. Muziki unajua mno lini tulie. Miezi ile ya ukimya imenyooshwa ili tukio la gari liwe kubwa. Lakini ile "shuka" nilimwamini. Ndilo neno la kweli kuliko yote katika filamu, kwa sababu limetoka kwa mtu mwenye haki ya kulisema, na alilisema kwa aliyestahili kuambiwa.

Binti yangu aliuliza kama nami niliwahi kumwambia mtu. Nikamwambia tumalizie filamu.

Mwisho wake sikuupenda mara ya kwanza. Léo anarudi nyumbani kwa kina Rémi na kukuta wamehama. Anachungulia dirishani, vyumba vitupu. Hakuna aliyemuaga. Nilitoka Sphinx nikinung'unika kwamba hivi ndivyo Wazungu walivyo, mtu anahama kama mwizi. Mara ya pili sikunung'unika. Mama wa kambo wa rafiki yangu aliondoka usiku baada ya arobaini, na hakuna aliyemsindikiza hata kituoni. Asubuhi nilipita pale nikienda shule. Mlango ulikuwa wazi, meko hayapo, na uwanja mzima, mpaka mbele ya nyumba ya yule bibi, ulikuwa umefagiwa.