Tanga tunajuana, ndiyo maana majalada yafungiwe

Kuna watu wa kwetu Tanga wanaosema siri za ofisi ya ustawi wa jamii ni mambo ya Wazungu, kwani mjini petu kila mtu anamjua mwenzake. Mimi naona kujuana huko ndiko kunakodai kufuli madhubuti. Habari ya mtoto wa mtaa wa Makorora aliyedhalilishwa ikitoka ofisini asubuhi, adhuhuri imefika barazani, na jioni anatupiwa maneno njiani akitoka madrasa. Manchester, ninakofanya kazi ya ustawi wa jamii, jalada likidondoka huenda likaokotwa na mtu asiyemjua kabisa mhusika. Tanga litaokotwa na mjomba wake.

Huku majalada yamo kwenye kompyuta, na kila anayefungua moja anaacha jina lake na saa aliyoingia. Ukichungulia la jirani yako bila kazi nalo, unaitwa ujieleze, na kazi unaweza kuipoteza. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, ofisi ina saa 72 za kumjulisha msimamizi wa taarifa wa nchi. Na zinavuja kweli, hasa kwa barua pepe zinazotumwa kwa mtu asiyehusika.

Hata Waingereza hawakufika hapa kwa hiari tupu. Graham Gaskin, aliyelelewa chini ya halmashauri ya Liverpool, alionyeshwa sehemu tu ya jalada la utoto wake, akapambana hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 1989 ilisema haki yake imevunjwa. Nampenda sana mtu huyu, maana tunalinda jalada ili lisisomwe na wapita njia, tukasahau kwamba lina mwenyewe ambaye siku moja atalihitaji.

Nyumbani sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto na za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Lakini nilipokuja likizo nilikuta, katika ofisi moja, majalada yamelundikwa kando ya benchi la wanaosubiri, majina kamili yameandikwa nje kwa maki, na moja limeongezewa neno "mimba". Afisa mwenyewe ni mchapakazi. Chumba anashirikiana na watu wa idara nyingine, na picha za fomu anazituma WhatsApp kwa simu yake binafsi ili kesi isichelewe. Siwezi kumlaumu yeye.

Wala sisi si watu wa kufundishwa sitara. Bibi zetu walisuluhisha mambo mazito ya ndoa chumbani na hayakuvuka kizingiti, wakati huku habari za familia moja zaweza kupita shule, polisi na hospitali, zote kwa ruhusa ya sheria.

Kwa hiyo siombi mitambo ya Manchester. Nje ya jalada iandikwe namba, na daftari la majina lifungiwe kwingine. Patikane chumba chenye mlango wa kufunga mtu anapoeleza yake. Picha za fomu zisipite kwenye simu binafsi. Na mwaka mpya wa fedha ukianza Julai, bajeti ya halmashauri iwe na kabati la chuma kwa kila afisa ustawi wa jamii, kuanzia wale wa kata.