Bei ya namba E na thamani ya gari lenyewe

Anayetafuta gari la mkononi Dodoma siku hizi huanza kwa kuuliza lina namba gani, na likiwa la namba E (usajili wa karibuni, ambao herufi zake huanza na E) bei hupanda hata kabla boneti haijafunguliwa. Kigezo hicho si cha kupuuza, kwa sababu gari lililoingia nchini juzi halijakaa muda mrefu kwenye mashimo yetu, na mmiliki wake wa kwanza ndiye aliyebeba ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Hata hivyo, herufi ile husema tu gari lilisajiliwa Tanzania lini. Toyota IST iliyotengenezwa mwaka 2005 na kusajiliwa majuzi nayo hutangazwa kuwa "mpya kabisa".

Wanaotetea kuagiza Japani wana hoja nzito. Gari la mnada huwa na karatasi inayoonyesha alama ya ubora, kilomita na mikwaruzo, na likiwa chini ya miaka 8 halitozwi ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi hapo. Lakini mnunuzi hulilipia kabla hajalisikia likiunguruma.

La mkononi huonwa kwanza, mradi anayeliona anajua pa kutazama. Nilimsindikiza ndugu yangu hadi mtaa wa Ilazo kuangalia RAV4 ya namba E iliyong'arishwa hadi matairi, ambayo muuzaji alisema ilikuwa ikienda kazini Mtumba tu (mji wa Serikali, si utani) na kurudi. Fundi alisubiri injini ipoe, akafungua rejeta na kupitisha kidole, kikatoka na ukoko mweupe: ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, yenye chumvi, badala ya kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Akavuta raba ya mlango wa nyuma, na chini yake ukaonekana mstari wa rangi ya pili, dalili kwamba lilipakwa rangi upya. Muuzaji alikuwa tayari kupunguza bei, ila si kuonyesha karatasi ya mnada.

Pamoja na hayo, kwa mwenye fundi anayemwamini naona la mkononi bado lina nafuu zaidi, ilimradi bei ijadiliwe kwa mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kadi, na faini za barabarani zinazodaiwa namba hiyo ziangaliwe kabla ya kuhamisha umiliki.