Terminator 3 ina makosa yake, ila mwisho wake si mojawapo

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, mashabiki wengi wa Terminator, filamu za roboti wauaji wanaotumwa kutoka wakati ujao, wamekuwa wakiinyooshea kidole sehemu ya tatu, Rise of the Machines ya mwaka 2003, kwamba ndiyo iliyoanza kuharibu mambo. Lawama kubwa ni ya mwisho wake. Sehemu ya pili ilituaminisha kwamba hatima haijaandikwa, kwamba binadamu akijitoa anaweza kuizuia vita ya nyuklia. Ya tatu ikaja kusema hapana, vita haikuzuiwa, ilicheleweshwa tu. Watu wakaona Sarah Connor, mama wa John, kijana atakayewaongoza binadamu dhidi ya mashine, kapokonywa ushindi alioupata kwa jasho na damu.

Malalamiko hayo nayaelewa, lakini sikubaliani nayo. Filamu ile inapungua kweli ukiilinganisha na zilizoitangulia, ila inapungua kwingine kabisa.

Ya kwanza, ya mwaka 1984, James Cameron aliitengeneza kwa dola milioni 6 na ushee. Sehemu kubwa yake ni usiku: Los Angeles yenye giza, na mashine inayotafuta jina kwenye kitabu cha simu na kuanza kuwaua akina Sarah Connor mmoja baada ya mwingine. Haina hasira na haibembelezeki. Ni filamu ya kutisha kabla ya kuwa filamu ya mapigano. Ya pili, ya mwaka 1991, ilipewa bajeti iliyofika kama dola milioni 100 na ikazoa tuzo nne za Oscar, lakini hofu ile ile ikabaki. Picha za kompyuta za T-1000, roboti adui anayejigeuza umbo, zinaonekana dakika chache tu. Kazi iliyobaki aliifanya mwigizaji wake, Robert Patrick, kwa macho yake na mbio zake. Itazame tena ile sehemu ya mfereji wa zege: mtoto John yuko kwenye pikipiki ndogo, lori kubwa linavunja ukuta wa daraja na kudondokea nyuma yake, na mfereji hauna pa kuchepukia. Muda wote unajua nani yuko wapi, umbali umebaki kiasi gani, na mtoto akiteleza kitatokea nini.

Sehemu ya tatu, iliyoongozwa na Jonathan Mostow, ina mbio zake pia, na kwa ukubwa zinaipita ile ya mfereji. T-X, roboti ya kike iliyochezwa na Kristanna Loken, anaendesha kreni mtaani huku magari ya polisi yakijiendesha yenyewe kwa amri yake. Arnold Schwarzenegger, ambaye sasa ni roboti anayemlinda John, ananing'inia kwenye ndoano, anabamizwa kwenye gari la zimamoto, anapitishwa katikati ya jengo la vioo, kisha anaichomeka ile ndoano kwenye chemba ya barabarani na kreni nzima inapinduka. Ni kazi safi ya mikono, vitu vizito vinavunjika kweli, na anayesema Mostow hajui kuongoza mapigano anamwonea. Shida ni kwamba humwogopei mtu. John Connor yuko kwenye gari la mbele na unamsahau. Unashangaa jinsi vitu vinavyovunjika, basi.

Adui mwenyewe naye kapewa vingi mno. Ana silaha mkononi, anamwaga moto, anadhibiti mashine nyingine, na juu ya chuma chake kuna kimiminika kama kile cha T-1000. Lakini T-1000 alitisha kwa jambo moja, kwamba polisi au hata mama yako mlezi anaweza kuwa yeye. T-X anatisha kwa orodha ya vifaa.

Kisha kuna mizaha. Miwani yenye umbo la nyota, matani ya kumwinulia muuza duka kiganja, yote yanamchezea mhusika ambaye mwaka 1991 alitutoa machozi akiteremka kwenye chuma kilichoyeyuka. Schwarzenegger alilipwa karibu dola milioni 30 kwa filamu hii, karibu mara tano ya gharama yote ya ile ya kwanza, na waandishi wakampa vichekesho.

Lakini pengo kubwa kuliko yote ni Sarah. Linda Hamilton alikataa kurudi, na hadithi ikammaliza kwa saratani ya damu, ikatuachia jeneza lililojaa bunduki. Filamu mbili za mwanzo zilisimama kwa sababu yake: mhudumu wa mgahawa anayegeuka mpiganaji, kisha mpiganaji anayefika ukingoni mwa kuwa muuaji, anashika bunduki mbele ya Miles Dyson, mhandisi ambaye kazi yake ndiyo itakayozaa mashine hizo, na familia yake na kushindwa kuimaliza kazi. Mtu alibadilika mbele ya macho yetu. John wa Nick Stahl ni kijana asiye na makazi wala simu, anayeiba dawa kwa daktari wa wanyama, na kwa saa nzima na zaidi anasukumwa tu kutoka gari moja hadi jingine.

Sasa njoo kwenye mwisho, ambapo nasimama upande wa Mostow. Kwenye mabanda ya video ya kwetu kila mtu anajua kwamba stelingi hafi. Cameron aliivunja kanuni hiyo mara mbili, kwanza kwa Kyle Reese, mlinzi wa Sarah, kisha kwa mashine yenyewe. Sehemu ya tatu inaivunja kwa njia ngumu zaidi. John na mwenzake Kate Brewster wanafika Crystal Peak wakidhani wanakwenda kuizima Skynet, mfumo wa kompyuta unaoanzisha vita. Ndani wanakuta handaki la zamani la viongozi, lenye mitambo iliyopitwa na wakati. Hakuna cha kuzima. Baba yake Kate aliwaelekeza huko wapone, na roboti ilijua. Wanaokoka kwa sababu wameshindwa. Makombora yanaruka, redio ya upepo inaanza kuita, sauti inauliza nani kiongozi pale, na John anajibu kwamba ni yeye. Dakika zile chache zinamfanyia John kile ambacho filamu nzima haikumfanyia.

Na kwa mantiki, huo ndio mwisho unaoiheshimu filamu ya kwanza. Kyle Reese anatumwa kutoka kwenye vita ijayo, na ndiye baba wa John; ukiifuta vita, umemfuta John. Mwaka 1984 Sarah anamalizia akiendesha gari kuelekea kwenye dhoruba, mjamzito, akijua inakuja. Matumaini ya mwaka 1991 yalikuwa mazuri na nayapenda, ila hayo ndiyo yaliyoachana na msingi.

Kuna jambo lingine ambalo mwaka 2003 halikupewa uzito. Skynet ya mwanzo ungeweza kuifikiria kama mtambo mahali fulani. Sehemu ya pili walilipua jengo la Cyberdyne, kampuni aliyofanyia kazi Dyson, wakaamini wamemaliza. Ya tatu inasema Skynet ni programu iliyosambaa kwenye kompyuta za watu wote, haina makao makuu wala waya wa kuchomoa, na ilipewa mifumo ya jeshi na wanadamu wenyewe waliokuwa wanahangaika na kirusi, kumbe kirusi chenyewe ndio hiyo hiyo. Nikiitazama leo, hiyo ndiyo hofu iliyozeeka vizuri kuliko zote tatu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama inafikia zilizotangulia, jibu langu ni hapana, na umbali si mdogo. Ila haistahili kutupwa kapu moja na zilizofuata. Mwaka 2019 Dark Fate ilimrudisha Hamilton, Cameron akiwa mtayarishaji, ikajifanya ya tatu haikuwahi kutokea, kisha ikamuua John Connor dakika za mwanzo kabisa. Mostow alimchukua kijana aliyekimbia jukumu lake maisha yote akamfikisha mbele ya kile kipaza sauti. Nani hasa aliyemdhulumu Sarah?